TV Mpya Nyumbani: Chunga Pesa, Chunga Stima, Chunga Simu

Wiki chache kabla ligi ya Uingereza ianze, mwenzetu mmoja hapa ofisini aliamua kuachana na TV ya inchi 24 aliyokuwa nayo tangu chuo. Akaona tangazo mtandaoni: inchi 43, mpya, bado iko kwa katoni, KSh 16,500. Madukani TV kama hiyo ilikuwa inaenda karibu 28,000. Muuzaji alikuwa mpole sana kwa simu. Hakutaka pesa yote, alitaka tu 1,500 ya boda, zingine "utalipa ukishaona mzigo." Mwenzetu akatuma. Nusu saa baadaye akapigiwa: boda amesimamishwa njiani, mzigo hauna karatasi, ongeza 2,000 aachiliwe. Akatuma tena. Akingoja mpaka jioni, akapiga simu, imezimwa.

Huyu ni mtu anayefanya kazi na sisi, katika kampuni ya malipo ya simu. Kila wiki tunawaandikia wateja wasitume pesa kwa wasiowajua. Alitusimulia huku akicheka kile kicheko cha uchungu, akaturuhusu tuandike mradi tusimtaje.

Tulipokaa kuizungumzia, tuligundua kwamba hakunaswa na bei ya chini peke yake. Alinaswa na udogo wa pesa aliyoombwa. Mtu akikuitisha 16,500 kabla hujaona kitu, utashtuka. Akikuitisha 1,500, mkono unafika kwenye PIN kabla kichwa hakijafika. Na ukishatuma ya kwanza, ya pili unaituma ili kuokoa ya kwanza. Pia alikumbuka jambo moja akiwa amechelewa: tangazo lilikuwa na jina la duka, lakini pesa zilienda kwa nambari ya mtu binafsi, jina tofauti kabisa. Alilisoma lile jina kwenye ujumbe wa malipo, akajiambia labda ni la mhasibu.

Kwa hivyo tuanze hapo. Ukinunua TV, lipa ukiwa umeiona ikiwaka. Kama unaenda Luthuli Avenue au duka la mtaani kwenu, omba itolewe kwa katoni na iwashwe mbele yako. Wauzaji wamezoea, hakuna atakayekuona msumbufu. Angalia skrini ikiwa nyeupe na ikiwa nyeusi, maana ufa mdogo na nukta zilizokufa huonekana hapo. Kama unaletewa nyumbani, mwambie utalipa yote, pamoja na ya boda, ikishawaka sebuleni kwako. Muuzaji wa kweli anaweza kukataa, ni haki yake, anaogopa safari ya bure. Hapo wewe nenda dukani kwake. Kama hana duka la kuendewa, umeshapata jibu.

Wakati wa kulipa, tumia nambari ya Till au Paybill ya duka, na jina la anayepokea ulisome kama unavyosoma risiti. Likikosa kufanana na la duka, uliza kwanza. Kisha weka ule ujumbe wa malipo, usiufute. Siku TV itakapozima yenyewe mwezi wa tano, utahitaji vitu viwili: risiti iliyoandikwa nambari ya TV hiyo, ile iliyobandikwa nyuma na kwenye katoni, na ushahidi kwamba ulilipa siku fulani. Katoni nayo iweke juu ya kabati mpaka waranti iishe.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia ambacho wengi hukisahau. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na matangazo ya bure ya dijitali tunayopata hapa hutumia mfumo wa DVB-T2. TV iliyoandikwa DVB-T2 inashika stesheni zetu kwa antena tu, bila king'amuzi. Zile zilizotumika Uingereza, wanazoita ex-UK, zingine ni nzuri sana, lakini za zamani kidogo zina DVB-T pekee, kwa hivyo utalazimika kununua king'amuzi juu yake. Na kama shangazi yako aliye Marekani amekutumia TV, geuza nyuma usome kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 100-240V, sawa. Ikiandikwa 120V peke yake, usiiguse soketi yetu ya volti 240. Itawaka mara moja tu, na si kwa njia unayotaka.

Wanaonunua kwa lipa pole pole nao, tafadhali chukueni kikokotoo cha simu. Tuseme dipositi ni 3,000 na kila siku ni shilingi 100 kwa mwaka mzima. Hiyo 100 haiumi, ni bei ya chai na mandazi. Lakini 100 mara 365 ni 36,500, ongeza dipositi, umefika 39,500. Hatusemi usinunue hivyo. Kuna watu ambao bila mpango huo hawangewahi kuwa na TV, na hasa zile za sola zimefikisha picha mahali ambapo nguzo ya stima haijafika. Tunasema jua jumla kabla ya kuweka kidole, na uulize kinachotokea ukikosa kulipa siku tatu, kwa sababu nyingi hujifunga zenyewe.

Sasa imefika nyumbani

Stima ya mitaa yetu tunaijua. Inapotea saa moja jioni, inarudi saa tatu, inapotea tena, na ikirudi inarudi na nguvu zote. Ile dakika ya kurudi ndiyo huua TV nyingi. Kifaa wanachokiita TV guard madukani, cha shilingi mia kadhaa hivi mpaka elfu moja na kitu, hufanya kazi moja rahisi: stima ikipanda sana au ikishuka sana kinaikata, na ikirudi kinangoja kidogo itulie ndipo kinaipitisha. Watu hulalamika ati kinachelewesha. Ndiyo kazi yake. Kukichomoa kwa sababu kipenga kimeshapulizwa ni kutupa pesa uliyokinunulia.

Lakini guard haizuii radi. Kama unaishi Kisii au Kakamega, unajua mvua ya alasiri inavyokuja na ngurumo. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa plagi ukutani na uchomoe waya wa antena nyuma ya TV pia. Wengi huchomoa plagi wakasahau antena, na radi haina ubaguzi wa mlango, inaingia popote penye waya. Fanya hivyo mapema. Radi ikishaanza kupiga, hata wewe usishikeshike nyaya.

Halafu kuna ile tabia ambayo sote tumeona, na wengine wetu tumefanya: TV imekuja na plagi ya miguu miwili, soketi ni ya miguu mitatu, basi mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke. Matundu ya chini yamefungwa kwa sababu nzuri, kuzuia kitu chochote, hasa kidole cha mtoto, kisifike kwenye stima. Plagi ya miguu miwili haikai imara pale, inacheza, inatoa cheche, inayeyusha soketi pole pole. Nunua adapta yenye fyuzi au mwite fundi aweke plagi ya kawaida. Na fyuzi ikiungua, usiweke waya mtupu au karatasi ya sigara mahali pake.

TV yenyewe haili stima nyingi. LED ya kawaida ya wati 50 ikiwaka masaa sita kwa siku inatumia uniti 0.3, yaani kama uniti tisa kwa mwezi. Hatari iko kwenye ekstensheni ambayo imebeba TV, king'amuzi, spika, chaja tatu, kisha Jumapili asubuhi mtu anachomeka pasi ya nguo hapo hapo. Pasi na birika zipe soketi ya ukutani.

Antena ni kazi ya fundi, lakini simama umwangalie. Nairobi, nyingi huelekezwa upande wa Limuru kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Angalia za majirani zimeelekea wapi, utajua pa kuanzia. Jambo ambalo hatutaki ulifanyie mchezo ni mlingoti wa chuma karibu na nyaya za stima. Kipimo chetu ni hiki: mlingoti ukianguka upande wowote, kwa urefu wake wote, usifikie waya. Kama utafikia, tafuta mahali pengine, hata kama picha itapungua ubora. Mtu aliyeshika bomba la chuma lililogusa waya wa stima mara nyingi hapati nafasi ya pili.

Ndani ya nyumba, fikiria mtoto wa miaka mitatu. TV za siku hizi ni nyepesi na nyembamba, zinasimama kwa miguu miwili ya plastiki, na mtoto akivuta waya au akipanda droo kutafuta rimoti, inamwangukia. Isogeze nyuma kabisa, uifunge ukutani kwa mkanda, na usiweke rimoti wala mwanasesere juu yake. Ukiamua kuitundika, ukuta wa mawe unabeba. Ukuta wa mabati au wa mbao nyembamba wa kugawa chumba haubebi, hata fundi akiapa. Nunua braketi inayolingana na matundu manne yaliyo nyuma ya TV yako, uyapime kwa rula, na kama nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ili dipositi yako isitoboke pia.

Na vile vitambaa. Tunawaheshimu akina mama waliotufumia, lakini kitambaa kinachofunika nyuma ya TV kinaziba matundu ya kupumulia, na TV inayowaka bila kupumua inachemka. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa. Kupangusa ni kwa kitambaa laini kikavu, ikiwa imezimwa. Usinyunyizie skrini maji wala sabuni ya madirisha.

Simu yako iko kwa skrini

Hapa ndipo sisi kama kampuni ya malipo huingiwa na baridi. TV nyingi mpya zinaweza kuonyesha skrini ya simu yako kubwa, sebuleni. Ni raha, unawaonyesha wageni picha za harusi. Lakini kumbuka kwamba karibu kila kinachotokea kwa simu kinatokea pia kwa TV. Ujumbe wa salio unaingia katikati ya picha za harusi, na shemeji anausoma. Hilo ni aibu tu. Kubaya zaidi ni pale unapopigiwa na mwenye kioski ulipie maziwa, ukafungua menyu ya malipo huku TV bado inaonyesha, ukabonyeza nambari zako za siri moja moja mbele ya watu wanane. Kata muunganisho kwanza. Na kama umeshaweka PIN mbele ya watu, ibadilishe usiku huo huo, bila kuona haya.

TV ikikuomba uingie kwa akaunti, mara nyingi inakupa kodi ya kuandika kwa simu. Fuata anwani ile ile iliyo kwenye skrini, herufi kwa herufi. Usiitafute kwa kubahatisha mtandaoni, kwa sababu kuna kurasa za uongo zinazojifanya huduma kwa wateja, zinakwambia kuna ada ya kuiwasha TV. Kuingiza kodi hiyo hakulipiwi. Ada halali ni ile ya huduma uliyochagua mwenyewe, kama filamu za kila mwezi, na mtu wa kweli hatakuomba PIN yako ya pesa ili akuwashie TV.

Pia achana na yule anayeuza "chaneli zote duniani" kwa shilingi mia tano kwa mwezi, unamtumia kwa nambari yake binafsi. Wiki mbili zinaonyesha, kisha skrini inakuwa nyeusi, na hakuna pa kulalamika kwa sababu ulichonunua kiliibwa tangu mwanzo.

Ukilipia king'amuzi, nambari ya akaunti ndiyo kila kitu. Tarakimu moja ikikosewa, jirani wa Nakuru anaangalia mpira kwa pesa yako. Iandike kwa karatasi, uibandike chini ya king'amuzi. Ukikosea, wasiliana nasi upesi kupitia njia zetu rasmi, wewe ndiye upige. Anayekupigia akisema anataka kukurudishia pesa uliyokosea, kisha akuulize PIN, kata simu.

Mwishowe kuna TV ya zamani, ile unayoiuza ili upunguze maumivu. Kabla haijatoka, toa akaunti zako zote na uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, la sivyo mnunuzi anabaki na barua pepe yako na labda kadi yako. Mwenzetu tuliyeanza naye aliuza kale ka inchi 24 kwa 4,000 mwezi uliopita. Mnunuzi akamwonyesha ujumbe, "umetumiwa," boda tayari ameshafunga TV kwa kamba. Mwenzetu akamwambia angoje, akaangalia salio lake mwenyewe. Halikuwa limeongezeka hata senti. Akamwambia boda afungue kamba.