Mashariki mwa DRC: Piesi ndogo ikikosekana, kamera nzima hulala kabatini

Siku ya posho ndiyo siku kubwa ya kazi kwa wapiga picha wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia. Maarusi wanatoka kanisani, jamaa wanajipanga kwenye ngazi, mpiga picha anabonyeza. Ikiwa saa hiyo kioo cha nyuma ya kamera kinaandika “Err 01”, picha haitoki. Avansi imekwisha kupokelewa, pengine imekwisha kuliwa, na ndoa hairudiwi juma lijalo.

Lakini taabu yenyewe huanza kesho yake, wakati wa kutafuta piesi. Fundi anaweza kuwa na mikono mizuri na macho makali, lakini bila kipuri hana la kufanya. Kamera iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka inaweza kulala kabatini kwa sababu ya kitu kisichofikia ukubwa wa ukucha.

Kujua kilichokufa

Pesa nyingi hupotea kwa kununua kipuri ambacho hakikuwa na shida. “Err 01” ya kamera za Canon ni mfano mzuri. Maana yake ni kwamba kamera na lenzi hazisikilizani vizuri. Wengine hukimbilia kutafuta kamera nyingine, kumbe ugonjwa mara nyingi uko ndani ya lenzi.

Lenzi ya Canon ya 24-105 mm f/4, iliyotoka mwaka 2005 na ambayo imezoeleka sana kwa picha za ndoa, inajulikana kwa udhaifu huo. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa umeme unaopeleka amri kwenye vibati vinavyopunguza mwanga. Utepe huo hukunjwa na kukunjuliwa kila mara mtu anapovuta lenzi, na mwisho wake hukatika.

Kuna kipimo kisichogharimu hata franka moja. Kwanza, sehemu za shaba zinazogusana kati ya lenzi na kamera zipanguswe kwa kitambaa kikavu na safi. Kisha ipigwe picha kwa f/4, halafu nyingine kwa f/8. Ikiwa ya kwanza inatoka na ya pili inaleta “Err 01”, dalili inaelekea kwenye vibati au utepe wake. Njia nyingine ni kufunga lenzi tofauti kwenye kamera ile ile. Ikifanya kazi bila shida, kamera ni nzima, na anayetafutiwa dawa ni lenzi.

Upande wa kamera, kinachochoka kwa kazi ni pazia, lile linalofunguka na kufunga mbele ya sensa kila picha inapopigwa. Canon 5D Mark II, iliyotoka mwaka 2008, pazia lake lilikadiriwa kubeba picha 150,000. Anayepiga picha 1,500 katika ndoa moja atafika hapo baada ya ndoa 100. Akipata kazi kila juma, hiyo ni miaka miwili hivi. Wapo wanaovuka idadi hiyo bila tatizo, lakini anayenunua kamera ya mitumba anapaswa kuuliza imekwisha kupiga picha ngapi kabla ya kutoa pesa.

Viwanda pia hufunga mlango

Uhaba huu si wa Kongo peke yake. Makampuni ya kamera huhifadhi vipuri kwa miaka kadhaa tu baada ya kuacha kutengeneza modeli fulani. Muda huo ukipita, hata karakana ya kampuni yenyewe inaweza kukataa kazi.

Nchini Marekani, Nikon iliacha kuwauzia vipuri mafundi wa kujitegemea mwaka 2012. Mwaka 2020 ikavunja pia mkataba na karakana za nje zilizokuwa na kibali chake. Ikiwa fundi wa huko alikosa piesi, si ajabu fundi wa Butembo akihangaika, naye yuko mbali na bandari na kamera anazoletewa ni zile ambazo viwanda vimekwisha kusahau.

Njia za mpaka

Kwa hiyo kipuri hufuata njia zile zile za bidhaa nyingine. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, huingiza mali kupitia Uganda na mpaka wa Kasindi. Mtu wa Goma huangalia upande wa Gisenyi na Kigali. Wa Bukavu huvuka Ruzizi. Wa Lubumbashi hutazama Kasumbalesa na barabara ya kusini.

Vita vimeongeza ugumu. Mnamo Januari 2025, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na mabenki yakafunga milango. Kwa anayetaka kuagiza kitu kwenye intaneti, ambako muuzaji mara nyingi hudai kadi ya benki, njia ikazidi kuwa nyembamba. Anayebaki kutegemewa ni msafiri, yule ndugu au jirani anayekwenda na kurudi.

Kumtuma msafiri kuna kanuni yake. Haitoshi kumwambia “niletee utepe wa lenzi ya Canon”. Anapaswa kubeba jina kamili la modeli, picha ya maandishi yaliyo chini ya kamera au kwenye lenzi, na picha ya kipuri chenyewe ikiwa kimekwisha kutolewa. Pazia la 5D Mark II silo la 5D Mark III, ingawa majina yanakaribiana. Kosa la herufi moja ni safari nzima iliyopotea.

Betri ina sheria yake

Betri za lithiamu hazisafiri ovyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Ndiyo sababu mtuma mizigo anaweza kukubali lenzi na kukataa betri.

Abiria mwenyewe anaweza kubeba betri za akiba, lakini katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Betri ya LP-E6 ya Canon ina wati-saa 13 tu, na mpaka unaoruhusiwa bila kuomba kibali cha shirika la ndege ni 100. Inafaa kufunika sehemu zake za chuma ili zisigusane na funguo au sarafu.

Sokoni, tarakimu kubwa isimdanganye mtu. LP-E6 ya kwanza iliandikwa 1,800 mAh, na zilizofuata kutoka Canon yenyewe zimefika 2,130. Betri isiyo na jina inayojisifu kwa 3,000 au zaidi inapaswa kutiliwa shaka. Iliyovimba isiwekwe tena kwenye sharja, hata kama bado inawasha kamera.

Wafu wanaowalisha wazima

Njia iliyo karibu zaidi na nyumbani ni kamera iliyokufa. Kamera iliyoingia maji na kuungua ubao wake wa umeme bado inaweza kuwa na pazia zima, kioo, vitufe, na kifuniko cha betri. Lenzi iliyovunjika kioo cha mbele inaweza kuwa na utepe mzima. Anayeitupa au kuwaachia watoto waichezee ametupa dawa ambayo mwenzake anaitafuta mpaka Dubai.

Flashi, hata hivyo, si ya kufungua bila ujuzi. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 300 hivi, na inaweza kumpiga mtu hata betri zikiwa zimetolewa. Kazi hiyo aachiwe fundi anayejua kuutoa umeme huo kwanza.

Wakaaji wa miji hii wanaijua likelemba: kila mmoja anatoa kidogo, na kila mmoja anafikiwa na zamu. Mpango huo unaweza kufanya kazi kwa vipuri pia. Wapiga picha kumi wenye kamera za aina moja, kila mmoja akiweka orodha ya alichonacho na anachokosa, wanaweza kuchangia kununua kamera moja mbovu ya modeli hiyo na kumkabidhi fundi wanayemwamini. Wanaweza pia kumtuma msafiri mmoja kwa orodha moja, badala ya kila mtu kulipia njia yake na ushuru wake.

Haitamrudishia picha yule aliyeharibikiwa mlangoni mwa kanisa. Lakini itampunguzia siku za kukaa bila kazi, na siku ya posho inayofuata haiko mbali.