Africa Twin ya zamani au mpya? Barabara ya Kolwezi ina jibu lake

LUBUMBASHI – Msafiri wa pikipiki anayetoka Zambia hukutana na mambo mawili mara tu anapovuka mpaka wa Kasumbalesa. La kwanza, anabadili upande wa barabara: Zambia wanaendesha kushoto, Kongo wanaendesha kulia. La pili, anajikuta katikati ya malori ya shaba na kobalti, ambayo foleni yake mpakani huweza kunyooka kwa kilomita kadhaa. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni lami, na haifiki kilomita 100.

Mjini ndipo swali linapoanza. Wanaokwenda mbele zaidi, kuelekea Likasi, Kolwezi na hatimaye Kasai, wanajua kwamba lami haitawasindikiza hadi mwisho. Pikipiki iliyowafikisha Lubumbashi bila shida si lazima iwe ndiyo itakayowavusha huko mbele.

Kati ya pikipiki za safari ndefu zinazojulikana barani, moja imebeba jina la bara lenyewe: Honda Africa Twin. Imekuwapo kwa vizazi viwili vilivyo mbalimbali kabisa. Cha kwanza kilitoka mwaka 1988 na kikakoma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Cha pili kilianza na toleo la 2016 na bado kinatengenezwa. Jina ni lile lile, lakini ndani ya chuma mambo yamebadilika sana, na mabadiliko hayo yanamgusa hata fundi wa kando ya barabara ambaye hajawahi kuimiliki.

Jina lililotoka jangwani

Africa Twin ilizaliwa na mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoanzishwa na Mfaransa Thierry Sabine na kukimbiwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1978. Honda ilitengeneza pikipiki maalumu ya mashindano iliyoitwa NXR750, na ikashinda mara nne mfululizo: Cyril Neveu mwaka 1986 na 1987, Edi Orioli mwaka 1988, na Gilles Lalay mwaka 1989.

Ushindi huo ulizaa pikipiki ya kuuzwa kwa watu wa kawaida, XRV650, yenye injini ya silinda mbili za umbo la V, ujazo wa sentimita za ujazo 647 na nguvu za farasi 57. Mwaka 1990 ikafuata XRV750, yenye sentimita za ujazo 742 na nguvu za farasi karibu 60. Hiyo ndiyo iliyodumu muda mrefu zaidi, na ndiyo watu wengi huifikiria wanapotaja Africa Twin ya zamani.

Afrika iliyokusudiwa na jina hilo ilikuwa ya mchanga wa Sahara. Haikuwa Afrika ya udongo mwekundu wa Katanga, unaokuwa vumbi wakati wa kiangazi na kugeuka poto-poto mvua zinapoanza kuelekea Novemba. Mchanga unataka mwendo. Matope yanataka subira, miguu mirefu na pikipiki inayoweza kuinuliwa ikianguka.

Kilichobadilika

Honda iliporudisha jina hilo, toleo la 2016 liliitwa CRF1000L. Umbo la V liliachwa. Sasa silinda mbili zimesimama sambamba, ujazo ni sentimita za ujazo 998 na nguvu za farasi zimefika karibu 94. Mwaka 2020 ikaja CRF1100L yenye sentimita za ujazo 1,084 na nguvu za farasi karibu 100.

Ajabu ni kwamba uzito haukuongezeka kwa kadiri hiyo. XRV750 ilikuwa na zaidi kidogo ya kilo 200 kabla ya kutiwa mafuta na vimiminika vingine. CRF1100L ya kawaida ina kilo 226 ikiwa tayari kuondoka, tangi likiwa limejaa. Ukizihesabu zote mbili zikiwa na mafuta, zinakaribiana sana, ilhali nguvu imepanda kwa zaidi ya nusu.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. Pikipiki ya zamani inalishwa mafuta na kabureta mbili. Mpya ina mfumo wa sindano unaoongozwa na kompyuta. Ya zamani inategemea mkono na mguu wa dereva peke yake katika kufunga breki. Mpya inaweza kuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kukwama na kuteleza breki inapobanwa kwa nguvu, pamoja na mfumo unaopunguza nguvu ya injini gurudumu la nyuma linapoanza kuzunguka bure. Tangu 2020 kuna pia kifaa kinachopima jinsi pikipiki inavyolala kwenye kona, na skrini ya kugusa kama ya simu.

Kuna hata toleo lisilo na mkono wa klachi. Gia hubadilika zenyewe kwa mfumo wa klachi mbili unaojulikana kwa herufi DCT.

Hadi Kolwezi, mpya inashinda

Kati ya Lubumbashi na Kolwezi kuna takriban kilomita 300, kupitia Likasi. Barabara ni ya lami na ina vituo vya kulipia. Hatari kubwa hapo ni malori ya migodi, magari yanayopita mengine bila kuona mbele, na lami inayoteleza mvua inaponyesha juu ya vumbi na mafuta ya dizeli yaliyomwagika.

Katika mazingira hayo ni vigumu kuitetea ile ya zamani. Lori likikatiza ghafla mbele ya dereva, ABS inaweza kuwa tofauti kati ya kusimama wima na kuteleza hadi chini ya magurudumu. Nguvu ya ziada nayo ina kazi yake: kulipita lori refu kunachukua sekunde chache, na kila sekunde inayopungua upande wa magari yanayokuja ni faida. Taa za LED za pikipiki mpya zinaangaza mbali kuliko balbu za miaka ya 1990, ingawa kusafiri usiku katika barabara hii ni jambo la kuepukwa kwa taa ya aina yoyote.

Mwinuko nao unaipa mpya nafasi. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani humwaga mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Injini hukohoa, plagi hupata masizi na mafuta huliwa zaidi. Fundi anaweza kusahihisha kwa kubadilisha jeti za kabureta, lakini ni kazi. Mfumo wa sindano hupima hewa na kujirekebisha wenyewe, dereva asijue lolote.

Kwa upande wa umbali, hesabu inashangaza. Tangi la XRV750 lina lita 23 hivi, na la CRF ya kawaida lita 18.8. Ya zamani ikila lita 6 kwa kila kilomita 100, itafika karibu kilomita 380. Mpya ikila lita 5, itafika karibu 375. Zinalingana. Anayetaka kufika mbali zaidi ana toleo la Adventure Sports la 2020 lenye tangi la lita 24.8, ambalo kwa ulaji huo huo linakaribia kilomita 500.

Lami inapokwisha

Baada ya Kolwezi, kuelekea Kamina na Kasai, mambo hugeuka. Barabara ya Taifa Namba 1, ambayo kwenye ramani inaunganisha Lubumbashi na Kinshasa, ina sehemu ndefu ambazo ni udongo mtupu, mchanga na mashimo yaliyochimbwa na malori yaliyokwama msimu uliopita. Petroli, au esanse kama wenyeji wanavyoiita, huuzwa kwa chupa na madumu kando ya njia. Nani ameichuja, na imekaa juani kwa muda gani, hakuna anayejua.

Hapo uhodari wa pikipiki mpya unaanza kuwa na bei yake. Uchafu ukiingia kwenye kabureta, fundi huifungua, huipuliza, huisafisha na kuirudisha, na wakati mwingine saa moja inatosha. Uchafu ukiziba sindano au ukiua pampu iliyomo ndani ya tangi, dereva anahitaji kipuri chenyewe, ambacho hakipatikani katika soko la kijijini. Taa ya onyo ikiwaka kwenye skrini, kinachohitajika ni chombo cha kusoma kile ambacho kompyuta inalalamikia. Spana haina la kusema hapo.

Betri ikifa, pikipiki ya kabureta yenye klachi ya kawaida mara nyingi husukumwa na vijana wawili ikawaka. Ile ya DCT haiwashwi kwa kusukumwa. Watu kumi hawatasaidia.

Hata hivyo, ya zamani nayo si malaika. Wamiliki wa XRV750 duniani kote wanajua udhaifu wake wa aina mbili: pampu ya mafuta ambayo vidole vyake vya umeme huungua, na kirekebishi cha chaji ambacho kikiharibika huiacha betri bila umeme. Na pikipiki changa kabisa ya kizazi hicho sasa ina zaidi ya miaka 20. Mipira imekauka, waya zimechoka, na baadhi ya vipuri havitengenezwi tena. Anayesema ya kale ni dhahabu akumbuke kwamba hata dhahabu hupimwa kabla ya kununuliwa.

Mkono wa fundi

Hapa ndipo ulinganisho unapotoka kwenye pikipiki na kuwafikia watu. Lubumbashi ina mafundi wengi wa pikipiki. Katika mitaa ya Kenya, Katuba au Ruashi, gereji huweza kuwa mti, kopo la grisi, seti ya spana na kijana aliyejifunza kwa kumtazama aliyemtangulia. Wanaishi kwa pikipiki ndogo za India na China zinazobeba abiria na mizigo kila siku.

Fundi wa aina hiyo hajazoea injini ya silinda mbili, lakini akiifungua XRV750 anakutana na ndugu wa kile anachokijua. Kabureta ni kubwa zaidi na ziko mbili, lakini ni kabureta. Valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kama kwenye pikipiki nyingi ndogo. Gurudumu lina mpira wa ndani unaozibwa kwa kiraka na gundi. Mnyororo ni mnyororo. Ujuzi wake wa kila siku unamvusha.

Mbele ya CRF1100L, mkono huo huo unaweza kubadilisha mnyororo, breki na tairi, lakini ukifika kwenye moyo wa pikipiki unakwama. Si kwa kukosa akili. Kazi imehama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu, na programu ina mlango ambao ufunguo wake hauuzwi sokoni.

Jambo hili halitaishia kwa wasafiri wenye pikipiki kubwa. India, ambako hutoka sehemu kubwa ya pikipiki ndogo za Afrika, ilianza kutumia viwango vikali vya moshi vinavyoitwa BS6 tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki nyingi zinazouzwa huko zikahamia kwenye mfumo wa sindano. Zinazoletwa Afrika bado nyingi zina kabureta. Lakini viwanda havipendi kutengeneza injini za aina mbili milele. Siku pikipiki ya abiria ya Katuba itakapokuja na kompyuta, fundi wa chini ya mti atalazimika kuwa na chombo cha kuisoma, la sivyo atabaki kuziba pancha.

Achague ipi?

Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam au Lusaka, anayekuja Lubumbashi na kuendelea hadi Kolwezi kisha kurudi, mpya ndiyo chaguo. Ni salama zaidi, inavumilia mwinuko, na barabara yote iko karibu na miji ambako msaada unaweza kufika.

Kwa anayekusudia kuvuka hadi Kinshasa kwa ardhi, jibu linategemea maandalizi. Akienda na mpya, achague yenye klachi ya kawaida, abebe kichujio cha mafuta na pampu ya akiba, kitambaa cha kuchuja petroli ya chupa, na kifaa kidogo cha kusomea makosa ya kompyuta. Ajifunze pia kuzima ABS ya gurudumu la nyuma kabla ya kuingia kwenye udongo, kwa sababu katika mteremko wa kokoto gurudumu linalokataa kukwama pia hukataa kusimama haraka. Toleo la Adventure Sports la 2020 lina matairi yasiyo na mpira wa ndani, kwa hiyo abebe vizibo vyake.

Akienda na ya zamani, abadilishe pampu na kirekebishi cha chaji kabla ya kuondoka, wala asingoje viharibike. Afungue kabureta na fundi wa Lubumbashi akiwa naye, aone kwa macho yake kila kipande kinakaa wapi. Na ajiandae kufunga breki kwa busara, maana hakuna kompyuta itakayomsahihisha.

Njia zote mbili zina gharama. Mpya humlinda dereva zaidi njiani, na ya zamani huwapa watu wengi zaidi uwezo wa kumsaidia akikwama. Kwenye lami, ulinzi ni bora. Kilomita mia moja baada ya lami kwisha, mvua ikiwa imeanza na hakuna gari linalopita, kijana mwenye spana anayeijua kabureta ana thamani kuliko skrini yoyote.