Sufuria Moja, Mapishi Mengi: Somo la Chakula na Lishe kwa Watoto wa Jamii Mbalimbali

Katika darasa moja la sekondari wilayani Kilosa si ajabu kumkuta mtoto wa Mkaguru, wa Msagara, wa Mvidunda, wa Mmaasai, wa Msukuma na wa Mgogo wakiketi bega kwa bega. Baadhi yao ni wenyeji wa tangu zama. Wengine ni wajukuu wa watu walioletwa na kazi za mashamba ya mkonge, na wengine wazazi wao walihamia na mifugo wakitafuta malisho. Katika somo la hisabati tofauti hizo hazionekani sana. Katika somo la chakula na lishe hujitokeza mara tu sufuria inapobandikwa mekoni.

Wakazi wengi wa umri mkubwa walilifahamu somo hili kwa jina la sayansikimu. Leo maarifa yake hufundishwa sekondari katika somo la Chakula na Lishe, katika fani za upishi na ushonaji, na pia katika vyuo vya ufundi na vya maendeleo ya wananchi. Mwanafunzi hujifunza kupanga mlo, kutunza chakula, kushona, kulea mtoto na kusimamia matumizi ya kaya. Ni somo la wavulana na wasichana, kwa kuwa kila mmoja wao atakuwa na nyumba ya kuitunza.

Ugumu huanza pale mafunzo kwa vitendo yanapofuata mapishi ya jamii moja tu. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa na loshoro akiambiwa kwamba mlo bora ni wali, samaki na saladi, anaweza kudhani kwamba nyumbani kwao hakuna chakula bora. Asiyekula samaki kwa desturi ya kwao hukaa kando siku ya kupika, au hubaki nyumbani kabisa. Wenzake wakikicheka chakula chake, jeraha hilo hukaa muda mrefu kuliko somo lenyewe.

Kanuni moja kwa vyakula vyote

Njia inayofaa ni mwalimu kuanza na kanuni, kisha kuwaachia wanafunzi walete mifano ya nyumbani. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji hautaji kabila wala pishi moja. Unataja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yanayofaa kwa afya. Kila mwanafunzi anaweza kuupima mlo wa kwao kwa makundi hayo na kuona kilichopo na kinachopungua.

Loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ina nafaka na chakula cha asili ya wanyama. Inayokosekana ni mboga na matunda. Ugali wa mtama kwa mlenda una nafaka na mboga; ukiongezewa karanga au maharage, utimilifu wake husogea karibu. Michembe na matobolwa ya Wasukuma ni somo zuri la kuhifadhi chakula: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Katika aina zote mbili maji hupunguzwa ili vijidudu vikose mazingira ya kustawi.

Kuheshimu mapishi ya nyumbani hakumzuii mwalimu kusahihisha. Kibuyu cha maziwa kinachofukizwa kwa moshi wa mti maalumu huyapa maziwa ladha na kusaidia kuyatunza, lakini moshi hauondoi hatari ya kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela. Maziwa lazima yachemshwe. Vivyo hivyo, magadi huilainisha mboga na maharage upesi, lakini huharibu sehemu ya vitamini. Na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kutoka kwenye mboga na maharage. Chungwa au embe huyaongeza.

Imani na miiko

Makatazo ya dini hayana mjadala darasani. Mwanafunzi Mwislamu au Msabato hapaswi kulazimishwa kugusa nyama ya nguruwe, na kazi ya vitendo inayohusu kuonja chakula haifai kupangwa wakati baadhi ya wanafunzi wamefunga Ramadhani. Mwalimu anayeuliza mapema hupata njia nyingine ya kupima ujuzi uleule, kwa maharage, kuku au mayai.

Miiko ya mila ni jambo jingine. Zipo familia zinazomkataza mama mjamzito kula mayai kwa kuamini kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Yai haliondoi nywele za mtoto. Humpa mama protini anayoihitaji. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi na huhitaji vyakula vyenye madini ya chuma, kwa hiyo mwiko unaomnyima nyama au maini unaweza kumwachia upungufu wa damu hadi siku ya kujifungua. Mwalimu akiubeza mwiko huo mbele ya darasa, mtoto ataitetea familia yake na somo litapotea. Panafaa mazungumzo na wazazi, akiwepo ofisa lishe au mhudumu wa afya.

Lugha na vipimo

Wapo watoto walioanza shule wakizungumza Kimaasai au Kisukuma peke yake, na maneno kama "gramu" na "mililita" hayana picha akilini mwao. Mwalimu akianza na kopo, sado na debe, kisha akavipima kwenye mizani, darasa zima huelewa. Katika ushonaji, shanga za Kimaasai hufundisha ulinganifu wa umbo na rangi, na kanga hufundisha kupima pindo. Wasichana wanaovaa hijabu wapimwe na wasichana wenzao.

Wajibu wa mzazi

Wilaya hii imewahi kuguswa na migogoro kati ya wakulima na wafugaji. Darasa haliwezi kuamua mpaka wa shamba wala njia ya mifugo. Hata hivyo, mtoto wa mfugaji anayemweleza mwenzake jinsi maziwa yanavyogandishwa, naye akafundishwa kuanika kisamvu na kunde, hujenga ujirani ambao wazazi wao wanauhitaji.

Wazazi na walezi wanaombwa kuwajulisha walimu mapema chakula ambacho mtoto haruhusiwi kula na sababu yake, kuchangia malighafi ya mafunzo kwa kadiri ya makubaliano ya kikao cha wazazi, na kutowazuia wavulana kushiriki. Bibi au mama mwenye ujuzi wa pishi la asili anaweza kuwasiliana na mkuu wa shule, kamati au bodi ya shule, ili apangiwe siku ya kuwaonyesha wanafunzi. Mwenye malalamiko kuhusu mtoto kudhihakiwa kwa sababu ya chakula au mavazi yake ayafikishe kwa mkuu wa shule, na yasipotatuliwa, kwa Ofisa Elimu Kata.