Sekunde 11 za ustaa, na kodi ya nyumba bado

Siku niliyotokea kwenye runinga, Kimbo ilijua kabla yangu. Nilishuka matatu jioni nikitoka tao, na vijana wa boda pale steji wakaanza kunipigia saluti. "Soja! Fungua geti!" Nikacheka nao, nikashika njia ya Matangi nikitembea kama mtu anayefuatwa na kamera.

Langoni mwa ploti nikampata keateka.

"Kijana, tumekuona. Hongera sana."

"Asante, mzee."

"Sasa kwa vile umekuwa staa, ile kodi ya mwezi jana tuimalize leo?"

Mfukoni nilikuwa na Sh140.

Wacha niwaeleze ustaa wenyewe. Niliigiza bawabu katika drama moja ya TV. Kazi yangu ilikuwa kufungua geti, tajiri aingie na gari, niseme, "Karibu nyumbani, bosi," kisha nifunge. Nilihesabu: sekunde 11. Ili kuzipata nilitoka Kimbo saa kumi alfajiri, nikakaa kwenye seti hadi saa tatu usiku. Tulikubaliana Sh1,500. Zilinifikia kwa M-Pesa baada ya miezi minne, na hiyo ni baada ya kupiga simu hadi wakaacha kuzipokea.

Sitaki unionee huruma. Nasema kwa sababu kila wiki kuna msee ananiuliza, "Bro, naweza kuingia aje kwenye uigizaji?" Mimi naona swali gumu ni lile linalofuata: ukishaingia, utaishi aje?

Kuonekana ni kitu kimoja. Kulipwa ni kingine kabisa.

Bawabu aliyenitangulia

Kabla yangu kulikuwa na bawabu mkubwa zaidi. Charles Bukeko, tuliyemjua kama Papa Shirandula, aliigiza mlinzi anayetoka nyumbani amevaa suti ili familia idhani anafanya kazi ofisini. Kipindi hicho cha Citizen TV ndicho kilikuwa kengele ya kulala kwetu. Kikiisha, unajua kesho ni shule.

Lakini Bukeko hakuamka siku moja akawa Papa. Alikuwa mtu wa jukwaani kwa miaka mingi kabla ya runinga kumkumbuka. Kisha likaja lile tangazo la soda lenye mlio wa "brrr" lililoonyeshwa nchi nyingi za Afrika. Jukwaa, runinga, matangazo, filamu: alikula kwenye sahani zote. Alipofariki Julai 18, 2020, akiwa na miaka 58, nchi nzima ililia kama imempoteza mjomba.

Mimi nimemgeuza tu juu chini. Papa alikuwa bawabu akijifanya mtu wa ofisi. Mimi sina kazi ya kudumu, na mtaa unaniona staa.

Halafu kuna Mzee Ojwang. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo katika Vitimbi ya KBC hadi watu wakakataa kuamini kwamba si Mjaluo. Hicho ni kipaji. Ila miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na wasamaria wema wakalazimika kuchanga ili atibiwe. Alifariki Julai 12, 2015. Mtu aliyechekesha nchi kwa miongo kadhaa hakufaa kungoja mchango.

Nikifikiria hilo usiku kejani, sicheki.

Unga unatoka wapi

Sasa tuongee pesa, kwa sababu huko ndiko wengi wetu hudanganywa.

Kilicholipa kodi yangu kwa muda mrefu zaidi hakikuwa runinga. Kilikuwa setibuku. Unakumbuka ule mchana mlikusanywa kwenye bwalo la shule, kikundi kikaja na pazia na spika moja kuigiza tamthilia mnayotahiniwa? Wale ni waigizaji wa kazi. Mwaka wa 2022, Kigogo ya Pauline Kea ikiwa bado inatahiniwa, nilizunguka nayo na kikundi cha watu tisa. Nilikuwa Ngurumo, yule mlevi wa Mangweni. Baadaye narukia nyuma ya pazia, navaa koti, narudi nikiwa Kenga, mshauri wa Majoka. Wanafunzi walikuwa wanashtuka: "Ai, si huyu alikuwa amekufa?"

Hesabu yake iko hivi. Shule inalipa kulingana na idadi ya wanafunzi. Mkuu wa kikundi anatoa mafuta ya gari, mavazi na chakula. Kinachobaki kinagawanywa. Kwangu ilikuwa Sh800 siku mbaya, Sh1,200 siku nzuri, na tukibahatika tunapiga shule mbili kwa siku. Muhula wa tatu ukifika mitihani inaanza, simu inanyamaza. Usipoweka akiba mapema, Novemba utakuwa unamkwepa mama mboga.

Jukwaa la Kenya National Theatre, lililofunguliwa 1952 pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, linakupa heshima na mafunzo. Mazoezi ni wiki kadhaa, maonyesho ni wikendi moja au mbili, na nauli ya kutoka Kimbo kila siku ni yako. Matangazo ya biashara hulipa vizuri kuliko yote, lakini unaweza kwenda odisheni kumi upate moja. Filamu ni kama mvua ya Turkana.

Ikinyesha, basi inanyesha. Nairobi Half Life ya 2012 inahusu kijana anayetoka mashambani kuja Nairobi kuwa mwigizaji, na siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu. Joseph Wairimu, aliyeigiza kijana huyo, alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Nilipoiona nilikuwa bado shule. Hiyo ndiyo iliniharibu akili.

Baada ya kazi

Watu wa Kiambu tusijione wageni katika mambo haya. Mwaka wa 1977 kule Kamirithu, Limuru, kaunti hii hii, wakulima na vibarua waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walifanya mazoezi wakitoka kazini. Serikali ikaupiga marufuku mchezo huo, na Desemba 31 mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka wa 2022 mchezo huo ulirudi, safari hii ndani ya Kenya National Theatre.

Ninachojifunza hapo ni kwamba kuigiza ukiwa na kazi nyingine si aibu. Mimi asubuhi nasaidia kwenye kinyozi cha rafiki yangu. Mteja akinitambua ananiambia nifungue geti, nami namfungulia mlango. Anacheka, analipa.

Mwingine wa kuangalia ni Abel Mutua. Tulimjua akiwa Freddie wa Tahidi High. Hakungoja kupigiwa simu milele. Aliingia kwenye uandishi wa vipindi, akajenga watazamaji wake mwenyewe kwa kusimulia hadithi mtandaoni, kisha wakaja wenzake wakatoa filamu yao, Click Click Bang, mwaka wa 2022. Anayeandika hadithi ndiye anayeamua nani atafungua geti na nani ataendesha gari.

Kabla hujapanda matatu

Kama bado unataka kuingia, karibu. Lakini usiingie kama mimi.

Pata makubaliano kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya kulipwa, na kama sura yako itatumika tena kwingine. Nilipodai pesa zangu, sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa na ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa "usijali". Fahamu kwamba waigizaji wana chama chao, Kenya Actors Guild, na kwamba malipo ya haki za wasanii si ya wanamuziki peke yao. Weka daftari la mapato. Na usimlipe mtu yeyote pesa ili akupe nafasi ya kuigiza. Huyo si prodyuza, ni mwizi.

Usiku ule wa saluti, mama alinipigia kutoka ushago.

"Nimekuona. Umekonda."

"Ni kamera, mum."

"Walikulipa?"

Nikanyamaza. Mama aliuza ng'ombe nisome, na chuo nikakiacha mwaka wa pili. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu nitarudi lini kumaliza.

Nilimwambia anipe hadi Desemba. Daftari liko juu ya godoro: likionyesha nimejilipia kodi miezi yote kwa kuigiza na kinyozi, naendelea. Likikataa, naomba kurudi darasani, na jukwaa litakuwa la jioni kama lilivyokuwa la watu wa Kamirithu.

Mwezi huu kodi imelipwa. Nilimpelekea keateka mwenyewe, taslimu. Alihesabu mara mbili, akanipigia saluti.