Jaketi la Ngozi Halitoshi

Ningependa tujadiliane kuhusu riwaya zinazozunguka madarasani kama peremende, yaani zile za Kiingereza za mapenzi ndani ya vyama vya pikipiki vya Marekani. Nyingine hutufikia kwa simu, nyingine ni za mitumba, na jalada ni lile lile: kijana mwenye misuli, tatuu na jaketi la ngozi. Je, ni nini humfanya msomaji aamini kwamba mwandishi anakijua anachokisimulia? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hebu tuone inakatikia wapi.

Kwanza ni historia. Mnamo Julai 1947 kulizuka fujo katika mji wa Hollister, California, wakati wa mashindano ya pikipiki, na magazeti yakaikuza habari hiyo. Mwaka uliofuata, 1948, chama cha Hells Angels kikaanzishwa huko huko California. Kisha mwaka 1953 ikaja filamu ya The Wild One, ambamo Marlon Brando aliigiza kiongozi wa genge la pikipiki. Lakini wapanda pikipiki wengi wa Marekani ni raia watulivu wanaokwenda kazini Jumatatu kama mzazi wako. Wachache wanaojitenga na sheria hujiita "asilimia moja" na hushona alama hiyo kifuani. Mwandishi anayewachanganya wote katika chungu kimoja, mimi humtilia shaka mapema.

Pili ni kizibao. Mgongoni huwa na viraka vitatu: juu jina la chama, katikati nembo, chini eneo ambalo chama kinadai ni lake. Katika riwaya dhaifu, kizibao ni pambo tu, na msichana hukivaa akisikia baridi. Kumbe viraka hivyo vimemwaga damu! Tarehe 17 Mei 2015, mjini Waco, Texas, vyama vya Bandidos na Cossacks vilipambana nje ya mkahawa. Watu 9 walikufa na 177 wakakamatwa. Miongoni mwa yaliyogombaniwa ni haki ya kuvaa neno "Texas" mgongoni. Mwandishi anayelijua hilo hawezi kumvisha shujaa wake kizibao kwa sentensi moja.

Tatu ni ngazi za uongozi. Kuna rais, makamu, mwekahazina, msimamizi wa nidhamu na nahodha wa safari. Chini kabisa yuko mwanagenzi. Huyu hutumwa kama kidato cha kwanza katika shule ya bweni: hulinda pikipiki usiku na kufagia ukumbi mpaka wenzake wampigie kura. Mikutano ya chama huitwa "kanisa", na mwanamke haingii. Basi ukisoma kwamba kijana alijiunga Ijumaa na Jumapili akawa rais, funga kitabu.

Nne ni pikipiki yenyewe. Klachi iko mkono wa kushoto na gia mguu wa kushoto. Injini kubwa ya silinda mbili hutetemesha mwili mzima, na upepo humeza maneno. Lakini eti wapenzi wananong'onezana mashairi wakiwa mbio kilomita 120 kwa saa! Jamani, hata kwenye bodaboda ya kwetu, mwendo wa pole, unapiga kelele mara tatu ndipo dereva asikie "shukisha hapa". Na yeyote aliyewahi kuguswa na ekzosi ya moto mguuni anajua kovu lake halisahauliki. Kitu kidogo kama hicho humshawishi msomaji kuliko kurasa kumi za sifa za misuli.

Tano, na hili ndilo kubwa, ni mapenzi. Vyama vingi vya aina hii havikubali mwanamke awe mwanachama. Mke au mpenzi wa kudumu huitwa kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "bibi kizee", hata akiwa na miaka 22, na wengine huvaa kiraka kinachosema ni mali ya fulani. Riwaya ya kweli haifichi jambo hilo, wala hailipaki asali. Hutuonyesha mwanamke akipima: nikimpenda huyu, chama kitakuja kwanza na mimi wa pili, polisi wakibisha mlango usiku, watoto wangu ndio watakaoamka. Akibaki, tunajua amelipa nini. Akiondoka, tunajua pia.

Riwaya ya uongo hufanya kinyume. Shujaa anamnyang'anya msichana simu, anampiga kijana aliyemsalimu, anamfungia chumbani, kisha mwandishi anatuambia hayo ni mapenzi makubwa. Nimewasikia wenzangu darasani wakisema mvulana asiyekuonea wivu hivyo hakupendi. Hapo ndipo ninapoogopa. Kosa la gia litamchekesha fundi tu, lakini kosa hili msomaji wa miaka kumi na sita hulibeba mpaka nyumbani, na siku akishikwa mkono kwa nguvu atadhani amependwa.

Sisemi tuache kuzisoma. Mapenzi yenye mwisho mwema ni haki ya msomaji wa riwaya hizi, na hata mimi huupenda. Ila mwisho huo uwe umegharimiwa: kijana abadilike kwa vitendo, si kwa maua, na msichana awe na mlango anaoweza kuufungua mwenyewe.

Nanyi wanachama wenzangu mnaoandika hadithi za chama chetu, kabla hujamvisha mhusika wako jaketi la ngozi, jiulize mambo mawili: anaogopa nini, na nani ataumia kwa ajili yake? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, tutakuamini hata kama shujaa wako anaendesha baiskeli.