Kikamba bila kuchekwa

Filamu za mwaka huu nimetazamia simuni hapa Kasikeu, bando likiruhusu. Za Marekani za kulipua magari nishazisahau, wacha zikae huko. Nairobi Half Life ya 2012 niliirudia na bado ni moto, hasa Mwas akiuza DVD kijijini huku akiota uigizaji. Supa Modo? Beba leso.

Lakini iliyonikamata ni Thank You for the Rain ya 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr kutoka Norway, akarekodi maisha ya familia yake kwa miaka. Ukame unawatesa, kisha dhoruba inang'oa paa. Anafika hadi Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015, mkewe akibaki na shamba na watoto. Huyo mama ndiye niliyemwonea huruma zaidi.

Tena jamani, kwenye vichekesho vya TV lafudhi yetu huwa ya kuchekwa tu. Hapa mtu anaeleza shida zake kwa Kikamba na hakuna anayecheka. Mamangu, asiyependa sinema, aliitazama yote, kisha akauliza kama mahindi yao yalikomaa.