Mtoto aliyepasuliwa moyo: mzazi asiogope mipira, aangalie maji



Mzazi akiingia mara ya kwanza katika chumba cha reanimasio, miguu inakosa nguvu. Mtoto amelala, uso umevimba, mpira uko mdomoni, mingine kifuani, nyuzi kila mahali. Wengine wanafikiri kazi imeharibika. Hapana, kila kitu kina sababu yake.

Mpira wa mdomoni unatoka kwa mashini inayomsaidia kupumua. Ukiwa ndani mtoto hawezi kutoa sauti, lakini anaweza kusikia: mwite jina lake, mshike mkono. Mipira ya kifuani inatoa damu na maji yaliyobaki karibu na moyo, kama vile pompi inavyotoa maji chini ya ardhi. Ikiziba, moyo unabanwa. Ndiyo maana mwuguzi anatazama chupa yake mara kwa mara. Vitu hivi vinaondolewa kimoja kimoja, na kila kimoja kikitoka ni habari njema.

Vita kubwa ni ya maji. Mtoto ana kiu, analia, mama anasikia huruma. Lakini moyo uliochoka haupendi maji mengi, nayo yanaweza kujaa mapafuni. Kwa hiyo yanapimwa, hata ya kijiko. Nilipomsindikiza mtoto wa mfanyakazi mmoja, mama yake alificha chupa ndani ya kitenge. Usiku ule mtoto alipumua kwa shida mpaka wakamrudishia oksijeni. Simlaumu, nami ni mzazi. Lakini uliza kwanza. Mara nyingi watakuruhusu kumlowesha midomo.

Kiisha kuna kukohoa. Mtoto hataki, sababu mara nyingi mfupa wa katikati ya kifua umekatwa na kufungwa kwa waya, unauma. Asipokohoa, makohozi yanabaki ndani na kuleta nimonia. Omba apewe dawa ya maumivu, kiisha mpe mto mdogo aukumbatie, ndipo akohoe. Kupuliza mapovu ya sabuni kunafungua mapafu pia, na kwake ni mchezo tu.

Usimwinue kwa kumshika makwapani. Mfupa ule unahitaji karibu wiki 6 hadi 8 kushikana. Weka mkono mmoja chini ya matako, mwingine mgongoni. Akianza tena kukojoa kitandani au kulia usiku, usimpige; ni woga wa hospitali, nao unapita.

Siku ya kurudi kambini, makayabu na chumvi nyingi vibaki mbali na sahani yake mpaka munganga aruhusu. Homa, usaha katika kidonda, kupumua mbio, kukataa kula: mlete siku ileile, hata ikiwa Jumapili. Na kama moyo uliharibiwa na rumatisimu, sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 inaendelea kwa miaka mingi, hata mtoto akikimbia na kucheza mpira kama wenzake. Andika tarehe ya sindano ijayo ukutani, karibu na mlango.